Jiko la Gesi Nyumbani: Kulitunza, Kulitengeneza na Kulibadilisha

Jiko la gesi la nyumbani linaloungwa kwa mpira lina sehemu tano: mtungi, valvu iliyo juu ya mtungi, regulata (kidhibiti cha shinikizo la gesi), mpira wa kupitishia gesi na jiko lenyewe. Kama kwingineko Tanzania, katika nyumba za Musoma, Bunda na Butiama yanaonekana zaidi majiko ya aina mbili. La kwanza ni mtungi wa kilo 6 unaofungwa kichwa cha kupikia juu yake moja kwa moja. La pili ni jiko la mezani la plati mbili au zaidi, linaloungwa kwa mpira na mtungi wa kilo 15. Chuma cha mtungi hudumu miaka mingi. Vinavyochoka mapema ni vitu vidogo vya bei ndogo, yaani mpira, raba ya kuzibia, klipu na regulata, na hapo ndipo ajali nyingi zinapoweza kuzuiwa.

Majiko haya yanazidi kuongezeka. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nao umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo mtungi unaingia jikoni kulikozoea mafiga na mkaa. Kuni huonekana kwa macho, lakini gesi haionekani, na ni lazima kujifunza namna ya kuitunza.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika. Inapotoka mtungini hutanuka zaidi ya mara 200. Haina harufu yake yenyewe. Ile harufu kali huongezwa kwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kutuama pembeni au kwenye shimo. Ndiyo maana mtungi hauwekwi chini ya kitanda, kwenye kabati lisilo na matundu wala chumba chenye dirisha la juu tu. Mahali pake ni penye hewa inayopita hata chini karibu na sakafu, mbali na jua, mkaa na kibatari. Siku zote mtungi usimame wima. Tabia ya kuulaza au kuutikisa ili gesi iishe yote ni hatari, kwa sababu kimiminika huweza kuingia kwenye regulata na kutoa moto mkubwa wa ghafla.

Mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha kupikia una udhaifu unaojitokeza wakati wa kusonga ugali. Ugali wa muhogo au wa mtama unahitaji nguvu ya mkono, na kila mwiko unapozunguka sufuria huyumba, kichwa cha jiko huyumba nacho, na uzi wake kwenye valvu hulegea kidogo kidogo. Familia inayosonga ugali mzito kila siku ni bora itumie jiko la chini au la mezani lenye miguu imara, mtungi ukae pembeni. Isipowezekana, kichwa kikazwe kwa mkono kabla ya kila upishi na mtungi uwekwe mahali tambarare.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Chakula kilichomwagika kifutwe jiko likishapoa. Mara moja kwa wiki kichomeo, ambacho mafundi wengi hukiita bana, kitolewe, kisuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, kisha kikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Valvu ya mtungi ifungwe kila baada ya kupika, si kitufe cha jiko peke yake. Mpira ukaguliwe kwa kuukunja kama upinde: ukionyesha nyufa ndogondogo kama za kisigino cha kiangazi, umekwisha.

Kipimo cha uvujaji ni povu. Vitufe vyote vifungwe, valvu ya mtungi ifunguliwe, kisha maji yenye sabuni nyingi yapakwe kwa sponji kwenye valvu, kwenye regulata na kwenye ncha zote mbili za mpira. Povu likianza kuvimba na kuongezeka, hapo gesi inavuja. Kiberiti hakitumiki kamwe kutafuta uvujaji.

Kiasi cha gesi kilichobaki hujulikana kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ukiwa umeandikwa kilo 7.5 na mizani ikasoma 10.5, gesi iliyobaki ni kilo 3. Mizani ya muuza samaki sokoni Musoma au ya mnunuzi wa nafaka Bunda inatosha kwa kazi hiyo. Kilo 6 zikitumika kwenye kichomeo kimoja cha kawaida chenye moto mkubwa huweza kufika takriban saa 40.

Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukigeuka njano na kuacha masizi kwenye sufuria, hewa haichanganyiki vya kutosha na gesi. Mara nyingi ni mafuta, vumbi au utando wa buibui ulioziba njia ya hewa, na kusafisha kunatosha. Moto kama huo katika chumba kilichofungwa huweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Moto ukiwa dhaifu, chanzo huwa gesi inayoelekea kuisha, mpira uliojikunja au tundu la gesi lililoziba. Tundu hilo lisitobolewe kwa waya au msumari, maana likipanuka hupitisha gesi kupita kiasi. Kiwashio cha jiko kikigoma, kiberiti kiwashwe kwanza, ndipo kitufe kifunguliwe. Kwa nyumba zilizo kando ya ziwa, ambako upepo wa mchana huingia nchi kavu, moto huweza kuzimika bila mpishi kujua; jiko likingwe upepo, lakini madirisha yote yasifungwe na mtungi usizungushiwe bati.

Mwenye nyumba anaweza kusafisha kichomeo, kubadilisha raba, mpira na klipu. Kitufe kigumu na bomba la ndani la jiko ni kazi ya fundi mwenye ujuzi wa gesi. Valvu ya mtungi haifunguliwi na yeyote mtaani: mtungi wenye kutu nyingi, uliobonyea au unaovuja kwenye valvu hurudishwa kwa wakala. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine pia si kazi ya nyumbani.

Kubadilisha kusisubiri ajali. Mpira ufuate tarehe iliyochapwa juu yake. Usipokuwa na tarehe, ni busara kuubadilisha ndani ya miaka mitano, au mapema ukikauka. Regulata huhesabiwa kudumu takriban miaka 10, na inayonguruma au kuvuja haitengenezwi, hununuliwa nyingine inayolingana na valvu. Jiko lote hubadilishwa likiwa limetoboka kwa kutu, au moto wake ukiendelea kuwa wa njano hata baada ya kusafishwa.

Harufu ya gesi ikisikika, moto wowote uzimwe, valvu ifungwe, milango na madirisha yafunguliwe na watu watoke nje. Swichi ya umeme isiwashwe wala isizimwe, na simu ipigwe ukiwa nje: namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Siku nzuri ya kufanya ukaguzi wa povu ni ile mtungi mpya unapoletwa, kwa kuwa kiungo cha mtungi hufunguliwa na kufungwa upya. Kabla ya kuinjika sufuria ya kwanza, kila nyumba ichanganye sabuni na maji katika kikombe na kupaka kila kiungo. Ni kazi ya dakika mbili, na inalinda nyumba nzima.