Bustani Isiyogombana na Kiangazi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi mwezi wa Agosti, wakati nyasi zimekwisha teketezwa kwa moto na miti ya miombo imepukutisha majani, aghalabu haoni kandokando ya njia ila majivu na vumbi jekundu, mpaka macho yake yatue juu ya vichuguu vya mchwa, ambavyo vingine katika nchi hii ya Katanga hufikia kimo cha mita 8. Na huko juu ndiko aonako mshubiri, na mkonge mwitu wenye majani ya mviringo kama fimbo, na mnyaa mkubwa uliotandaza matawi mfano wa kinara, mimea yote hiyo imesimama mibichi kana kwamba mvua ilinyesha jana.

Mimea hiyo ndiyo ninayowausia jirani zangu wa Manika, hapa Kolwezi. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa mita 1,400 na zaidi, mvua zake hukoma Aprili, na baada ya hapo hupita takriban miezi mitano bila tone. Basi apandaye maua ya kigeni yanayodai ndoo ya maji kila jioni, ilhali ndoo hiyo hiyo yangojewa jikoni, hujitwisha deni asiloweza kulilipa.

Udongo wa mimea hiyo si taabu kuupata: fungu moja la udongo wa kichuguu, mafungu mawili ya mchanga mnene, na chenga za makaa zilizobaki chini ya gunia. Kazi yenyewe ni subira. Mwaka wa kwanza nilipanda tawi la mnyaa siku ile ile niliyolikata, nikalimwagilia kwa huruma, na kabla ya mwezi kuandama likaoza. Sasa najua kwamba kidonda cha mmea hutaka kufunga kwanza: tawi la mnyaa hulazwa kivulini wiki mbili au tatu, na mkataji hujihadhari na utomvu wake mweupe, kwani ukiingia jichoni ni madhara makubwa, chipukizi la mshubiri hutosheka na siku chache, na jani la mkonge mwitu hukatwa vipande vya sentimita 10, kila kimoja kikatiwa alama upande wa chini, maana kikipandwa kichwa chini hakitoi mizizi kamwe.

Fauka ya hayo, tusiende porini kung'oa. Vilima vyetu vinachimbwa kwa ajili ya shaba na kobalti, na vichuguu hubomolewa ili tuchome matofali. Kwa hiyo adabu ya mpanda bustani ni kuchukua mtoto na kumwacha mama mahali pake. Nami jirani akija kuniomba mbegu, humfungia kipande katika karatasi kavu, nikamsindikiza hadi mlangoni na wasia mmoja tu: asikipande leo.