Kufungiwa Akaunti: Suala la Madaraka Kazini

Katika kuuchambua unyonyaji tumezoea kuanza na swali moja: nani anamiliki njia za uzalishaji mali? Kwa mfanyakazi wa kiwanda jibu lilikuwa wazi. Mashine ni ya tajiri, jasho ni la mfanyakazi. Dereva wa teksi mtandao anaonekana kuivuruga hesabu hiyo. Gari au bajaji ni yake, au amepewa na mwenye mali kwa mkataba. Petroli ananunua yeye, simu ni yake, na faini ya barabarani hulipa yeye. Kwa sababu hiyo wapo wasomi, na hata baadhi ya makada, wanaodai kwamba huyu ni mfanyabiashara huru. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kosa la hoja hiyo kwa kulitazama jambo moja tu, yaani kufungiwa akaunti.

Akaunti ni nini?

Abiria wa teksi mtandao hamwiti dereva. Anaiita programu, na programu ndiyo inayomchagua dereva. Kampuni hukata kamisheni, hupokea malalamiko na huhesabu nyota. Kwa hiyo njia kuu ya uzalishaji katika kazi hii siyo gari. Ni ile programu inayowakutanisha watu, nayo imo mikononi mwa kampuni peke yake. Gari lisilo na akaunti ni chuma kilichoegeshwa.

Kumfungia dereva akaunti, basi, ni kumfukuza kazi. Tofauti ni kwamba aliyefukuzwa kiwandani huiacha mashine kiwandani, lakini dereva huondoka na deni. Mwenye gari anadai hesabu ya siku, na mkopeshaji anadai marejesho. Hasara ya mali ni ya dereva, na uamuzi ni wa kampuni. Hapo ndipo ilipo siri ya "uhuru" wake.

Sababu za kufungiwa ni nyingi: nyota zimeshuka, abiria amelalamika, programu imedai kwamba kuna udanganyifu, au picha ya uso haikufanana na iliyohifadhiwa. Huko Uingereza, mpeleka vyakula mmoja, mtu mweusi, alifungiwa akaunti mwaka 2021 baada ya mtambo wa kutambua nyuso kumkataa. Alifungua shauri akisaidiwa na Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya nchi hiyo, na mwaka 2024 akalipwa fidia kwa suluhu. Alihitaji tume ya taifa na miaka mitatu. Je, asiye na chombo cha kumtetea atafanyaje?

Mafunzo ya mapambano ya wengine

Mwezi Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber walioleta shauri hilo walikuwa wafanyakazi. Iliona kwamba kampuni ndiyo inayopanga nauli na masharti, na kwamba huwatawala madereva kwa nyota na kwa adhabu. Madereva walipata haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Lakini aina ya mfanyakazi waliyotambuliwa, kwa sheria za huko, haina kinga dhidi ya kufukuzwa kwa uonevu. Fundisho ni kwamba jina la mfanyakazi peke yake halitoshi.

Mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Rufani ya Amsterdam iliona kwamba madereva kadhaa walioshutumiwa kwa udanganyifu walifungiwa na mtambo, na kwamba mkono wa binadamu katika uamuzi huo ulikuwa wa jina tu. Mwezi Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kwamba uamuzi wa kufunga akaunti ufanywe na binadamu na utolewe sababu kwa maandishi.

Mjini Seattle, Marekani, ambako madereva wengi ni wahamiaji, wakiwamo watu wa Somalia, Ethiopia na Eritrea, sheria ya mji iliyoanza kutumika Julai 2021 iliwapa haki ya kupinga kufungiwa mbele ya msuluhishi, wakiwa na mtetezi. Mwaka 2022 jimbo zima la Washington lilitunga sheria yake yenye kinga ya namna hiyo. Haki hiyo ilitokana na madereva kujiunga pamoja.

Hali yetu

Kwetu wazo hili si geni. Sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa ajira ilianzisha kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa matakwa yake tu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani ubwana na dharau kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo inatazama hali halisi, kama vile kutawaliwa na kumtegemea mtu kiuchumi, bila kujali mkataba umeandikwaje. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Silaha zipo, kazi ni kuzifikisha mikononi mwa dereva.

Wengine watauliza: na usalama wa abiria? Swali ni la haki. Dereva anayemdhuru abiria lazima aondolewe barabarani mara moja. Lakini kumsimamisha mtu ili uchunguzi ufanyike ni jambo moja, na kumhukumu bila kumsikiliza ni jambo jingine. Kwa hiyo tunashikilia mambo manne: sababu itolewe kwa maandishi na kwa Kiswahili, ushahidi uonyeshwe, binadamu mwenye madaraka amsikilize dereva kwa muda uliowekwa, na rufani iende kwenye chombo kisichokuwa cha kampuni.

Tusidhani kwamba mtaji utakubali kwa hiari. Mwaka 2022 LATRA ilipoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, Uber ilisitisha huduma zake nchini, ikarejea mwaka 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Mtaji nao hugoma! Dereva mmoja mmoja hawezi kuushinda mgomo huo. Umoja wao unaweza, ukiungwa mkono na dola.

Wajibu wa kada ni kwenda vijiweni, kuwasikiliza madereva, kuwasaidia kuweka kumbukumbu za kila anayefungiwa, na kuwahimiza waunde chama chao wenyewe. Mtu anayeweza kunyimwa riziki usiku mmoja, bila kuambiwa kosa lake, hajawa huru, hata kama funguo za gari zimo mfukoni mwake.