Mcheza Kwao Hutunzwa: Misingi ya Uigizaji kwa Mwanafunzi Atokaye Suna

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, wengi wetu tunaosomea Kiswahili vyuoni tuliingia katika darasa la kwanza la uigizaji tukiwa hatujawahi kucheza kokote, si kwetu wala ugenini. Tamthilia tulikuwa tumezisoma. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Arege zote zimewahi kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya, na kila kizazi cha watahiniwa kimekariri maudhui, dhamira na sifa za wahusika wake. Lakini tamthilia haikuandikwa ili ikaririwe. Iliandikwa ili isimame kwa miguu ya watu, ipumue kwa mapafu yao na kusema kwa ndimi zao.

Nakumbuka kipindi cha kwanza cha somo hilo. Mhadhiri hakutupa kitabu. Alituita mmoja mmoja, akatuagiza kila mtu atembee hadi dirishani, alifungue, aseme sentensi moja, kisha arudi kuketi. Kazi ndogo kama hiyo ilitushinda. Waliokuwa wakitembea vyema kila siku ghafla walianza kuburuta miguu. Wengine wakapiga hatua kama askari gwarideni. Zamu yangu ilipofika, nilifungua dirisha, nikatakiwa kusema, "Baba anavua samaki." Mimi ni mzaliwa wa Suna, viungani mwa mji wa Migori, na ulimi wangu umelelewa na Dholuo. Nikasema, "Baba anafua samaki." Darasa liliangua kicheko. Kwa muda wa majuma matatu sikufungua kinywa tena katika kipindi hicho.

Makala haya yanalenga kueleza misingi minne inayofunzwa katika darasa la awali la uigizaji, nayo ni pumzi, usikivu, nia na matamshi. Fauka ya hayo, yanakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi anayetoka katika sehemu kama Suna, ambako Dholuo, Kikuria, Ekegusii na Kiswahili hupigana vikumbo sokoni kila siku, haji darasani mikono mitupu.

Kuiga na Kuigiza

Neno "uigizaji" lenyewe laweza kutupotosha. Chimbuko lake ni kitenzi "iga", yaani kufuata afanyavyo mwingine. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi mgeni hudhani kuwa akipewa nafasi ya mzee hana budi kupinda mgongo na kutetemesha mkono, na akipewa nafasi ya mlevi, basi ni kupepesuka. Anachokionyesha ni picha ya nje tu. Hadhira humtambua mara moja, ikacheka pale alipotaka iogope.

Konstantin Stanislavski (1863-1938), mwigizaji na mwelekezi wa Urusi ambaye pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko waliasisi jumba mashuhuri la maonyesho mjini Moscow mwaka 1898, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupambana na mazoea ya namna hiyo. Swali alilowafunza waigizaji wake ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: lau ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Swali hili halimtaki mwigizaji ajifanye mtu mwingine. Lamtaka aingie katika hali ya mtu mwingine akiwa na mwili wake mwenyewe. Mlevi halisi hajitahidi kupepesuka. Yeye hujitahidi kwa nguvu zake zote kutembea wima, na miguu ndiyo inayomsaliti. Mwigizaji akilielewa hilo, amevuka kutoka kuiga hadi kuigiza.

Pumzi na Mwili

Msingi wa kwanza ni pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua kwa juu juu, mabega yakapanda na shingo ikakakamaa, na sauti yake ikafia kooni. Ndiyo maana mazoezi ya awali hufanywa wanafunzi wakiwa wamelala chali, kiganja kimewekwa juu ya tumbo. Hewa inapoingia, tumbo hupanda. Inapotoka, tumbo hushuka. Mabega hayasogei. Baada ya hapo mwanafunzi hutoa pumzi polepole kwa sauti ya "sss" huku akihesabu moyoni, na kila siku hujaribu kuirefusha kidogo. Hatimaye husimama na kuipeleka sauti hiyo hadi ukuta wa mwisho wa ukumbi pasipo kupiga kelele.

Zoezi hili huonekana geni darasani, ilhali halina ugeni wowote kwa aliyewahi kusimama ufuoni Muhuru au Sori. Mvuvi aliye majini na mwenziwe aliye nchi kavu huitana kwa sauti itokayo tumboni, ikavuka maji bila kukwaruza koo. Ndivyo pia afanyavyo mama anayenadi omena au nyanya sokoni tangu asubuhi hadi jioni. Tofauti ya mama huyo na mwanafunzi wa uigizaji ni kwamba mama hajiulizi anaonekanaje. Yeye anataka mnunuzi asikie.

Usikivu

Msingi wa pili ni kusikiliza. Wanafunzi wawili husimama wakitazamana kana kwamba mmoja ni kioo cha mwingine. Mmoja huinua mkono polepole, na mwenziwe huufuata hadi mtazamaji ashindwe kujua ni nani anayeongoza. Baadaye zoezi hilo huhamia kwenye maneno. Mwanafunzi haruhusiwi kulitamka jibu lake hadi awe amelisikia kwa hakika alilosema mwenzake, hata kama mazungumzo yote ameyahifadhi moyoni.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tumezoea kungoja zamu zetu za kusema badala ya kusikiliza. Tazama, kwa mfano, namna sigana zilivyokuwa zikitambwa jioni katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana wa Kiluo walilala na kufunzwa. Bibi hakusimulia hadithi kama anayesoma karatasi. Aliwatazama wajukuu. Wakisinzia, alipandisha sauti au akaingiza wimbo wa kuitikiwa. Wakiogopa kupita kiasi, alilegeza. Hadithi ilikuwa ileile, lakini usikivu wake uliifanya kuwa mpya kila jioni. Mwigizaji asiyemsikiliza mwenzake jukwaani anasoma kwa sauti tu.

Nia: Kutoka Sifa hadi Kitenzi

Msingi wa tatu ndio uliotugeuza zaidi sisi tuliolelewa na maswali ya mitihani. Katika shule ya upili tulifunzwa kutaja sifa za wahusika: fulani ni katili, fulani ni mnafiki, fulani ni mzalendo. Sifa hizo humfaa mhakiki. Mwigizaji zinamkwamisha, kwa kuwa sifa haichezeki. Mtu hawezi kusimama jukwaani "akawa mnafiki". Aweza tu kufanya jambo fulani kwa mtu fulani ili apate kitu fulani.

Tuchukue mfano wa Kigogo. Kenga anamjia Sudi ili amshawishi achonge kinyago cha shujaa, naye Sudi anakataa. Mwanafunzi aliyeandika katika daftari lake kuwa Kenga ni mnafiki ataingia jukwaani akitabasamu kiovu na kufikicha viganja. Mwanafunzi aliyejiuliza Kenga anataka nini atakuwa na vitenzi mkononi: kurubuni, kusifu, kuahidi, kutisha. Kila kimoja kikishindwa, atakimbilia kingine. Unafiki wa Kenga utaonekana wenyewe, na hadhira ndiyo itakayeutaja.

Hata katika mila zetu kanuni hii i wazi. Mzee anapofariki miongoni mwa Waluo, desturi ya tero buru huwatoa wanaume nje ya boma pamoja na ng'ombe, mikuki na ngao, wakapigane na mauti na kuyafukuza mbali. Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa hilo ni tambiko wala si mchezo, na hoja yao ina uzito, maana waombolezaji hawajifanyi. Hata hivyo, mwanafunzi wa uigizaji ana la kujifunza hapo. Adui haonekani, lakini kila mkuki unaonyanyuliwa unajua unakolekea. Hakuna anayefikiria jinsi ya kuonekana mwenye huzuni. Wote wana kazi ya kufanya, na huzuni hufuata kazi hiyo.

Darasani kwetu nia ilifunzwa kwa mazungumzo mafupi kuliko yote niliyowahi kuyaona:

MAMA: Umekula?
MWANA: Nimeshiba.

Maneno ni mawili tu, lakini hali zaweza kubadilishwa upendavyo. Katika hali ya kwanza, mwana ametumia karo katika kamari na anataka kukwepa macho ya mama. Katika hali ya pili, mwana ana hasira na anataka kumwadhibu mama kwa kukikataa chakula chake. Katika hali ya tatu, sahani iliyobaki ni moja, mama hajala tangu jana, na mwana mwenye njaa anataka mama aile bila kuona haya. Neno "nimeshiba" halibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni pumzi, macho na muda wa kimya kabla ya jibu.

Katika juma la nne niliitwa nicheze hali ya tatu. Sikuwa na haja ya kuiga. Msimu wa njaa kabla ya mavuno ninaufahamu, na sahani ya namna hiyo nimewahi kuiona. Nilimtazama aliyecheza mama, nikasikia swali lake, nikasema, "Nimesiba." Ulimi wangu uliiacha "sh" njiani kama kawaida yake. Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa mama aliinamisha kichwa, akaivuta sahani isiyokuwapo karibu naye, na darasa zima likanyamaza.

Matamshi na Lafudhi

Je, kimya hicho kina maana kwamba matamshi hayana umuhimu? La hasha. Mhadhiri alinisahihisha siku iyo hiyo, lakini baada ya zoezi, wala si katikati yake. Alitufunza kutenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: matamshi na lafudhi.

Matamshi ni yale yanayobeba maana. Dholuo haina sauti "sh", "z" wala "v", na kwa hivyo mzungumzaji wake huweza kusema "saka" akikusudia "shaka", au "fua" akikusudia "vua". Mzungumzaji wa Kikuria naye huweza kubadilishana "l" na "r". Makosa ya aina hii hurekebishwa, kwa kuwa hadhira ikipoteza maana imepoteza mchezo. Marekebisho yenyewe si ya kuogofya. Ili kutamka "v", weka meno ya juu juu ya mdomo wa chini kama anayetamka "f", kisha tia mlio wa koo. Ukigusa koo kwa kidole utauhisi mtetemo. Ili kupata "sh", anza na "s", kisha urudishe ulimi nyuma kidogo na kuvuta midomo mbele. Dakika 10 kila asubuhi zatosha. Mkazo nao uzingatiwe: barabara ya kupitia magari hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali "barabara" yenye maana ya sawasawa hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho.

Lafudhi ni jambo jingine. Ni ile ladha ya sauti na wimbo wa usemi unaoonyesha mtu alikokulia, nayo haiharibu maana. Katika michezo ya kuchekesha ya runinga na redio nchini, lafudhi ya Mluo, ya Mkikuyu au ya Mluhya imetumika mno kama kichekesho, hata mwanafunzi akaamini kuwa yake haifai kwa msiba, mapenzi wala falsafa. Lakini mkumbuke marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Kwa miaka mingi alijulikana kote nchini kama Mzee Ojwang' katika kipindi cha Vitimbi cha KBC, akizungumza kwa lafudhi ya Kiluo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi walidhani ni Mluo wa kuzaliwa. Kwake lafudhi ilikuwa vazi alilolichagua kwa ajili ya mhusika, na ndani ya vazi hilo mlikuwa na mzee anayetaka heshima nyumbani kwake na asiyeipata. Ikiwa mwigizaji stadi aliiazima lafudhi hiyo na kuifanyia kazi ya maisha, kwa nini mwenyewe aionee haya?

Kwa hivyo, kanuni ni hii: mwigizaji ayasahihishe matamshi yake ili aeleweke, kisha aichague lafudhi kulingana na mhusika. Akicheza kadhi wa Lamu, na ajifunze usemi wa huko kwa bidii na heshima. Akicheza mwalimu, mvuvi au mjane ambaye tamthilia haikutaja kwao, lafudhi ya Suna ni halali kama nyingine yoyote. Anayeiga lafudhi ya Mvita katika kila nafasi huishia kuisikiliza sauti yake mwenyewe, na anayejisikiliza hamsikilizi mwenzake.

Hitimisho

Tumeona kuwa uigizaji huanza na pumzi, hukua kwa usikivu, huongozwa na nia na kufikishwa kwa hadhira na matamshi safi. Mambo haya hayahitaji jukwaa la gharama. Chumba cha darasa chenye madawati yaliyosogezwa kando chatosha, na vyama vya Kiswahili vyaweza kutenga saa moja kila juma kwa ajili yake. Wanaojiandaa kuwa walimu ndio wenye deni kubwa zaidi. Tukirudi Suna, Kuria au Rongo tukiwa na sifa za wahusika pekee, tutawapa wanafunzi wetu kile kile tulichopewa.

Ndugu msomaji, kabla ya kikao kijacho cha chama mtafute mwenzako, simameni mkitazamana, mmoja aulize, "Umekula?" Usiharakishe kujibu. Sikiliza kwanza, ujue unataka nini kwake, kisha useme kwa sauti uliyozaliwa nayo.