Bundesliga msimu wa 1963–64

Bundesliga msimu wa 1963–64 ulikuwa msimu wa kwanza wa ligi kuu ya soka ya Ujerumani ya Magharibi. Ulianza tarehe 24 Agosti 1963 ukiwa na klabu 16, na kila klabu ilicheza mechi 30.

Kabla ya hapo nchi haikuwa na ligi moja ya taifa. Timu zilicheza katika ligi tano za kanda zilizoitwa Oberliga, kisha zile bora zilikutana mwishoni kuwania ubingwa. Shirikisho la soka la Ujerumani (DFB) liliamua kuunda ligi mpya katika mkutano uliofanyika Dortmund tarehe 28 Julai 1962.

Klabu 46 ziliomba nafasi. Uteuzi ulizingatia matokeo ya miaka 12 pamoja na hali ya fedha, na ulileta malalamiko mengi. Bayern München iliachwa nje, kwa sababu TSV 1860 München ilikuwa bingwa wa kanda ya Kusini na DFB haikutaka klabu mbili za mji mmoja. Bayern ilisubiri hadi mwaka 1965 kupanda daraja. 1. FC Saarbrücken, ambayo kuchaguliwa kwake kulipingwa sana, ilishika mkia na kushuka pamoja na Preußen Münster.

Bao la kwanza lilifungwa mjini Bremen na Timo Konietzka wa Borussia Dortmund kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hakuna kamera iliyolinasa. Hata hivyo Werder Bremen ilishinda 3–2. Bingwa alikuwa 1. FC Köln kwa pointi 45, sita mbele ya Meidericher SV. Uwe Seeler wa Hamburger SV aliongoza kwa mabao 30.