Usiuze trekta ya guka kwa skrepa, ifunze kukata kona kwanza

Ploti ya 50 kwa 100 unaijua. Hizo ni futi, yaani karibu mita 15 kwa 30. Wengi wetu tukiiona tunahesabu nyumba zitakazoingia hapo. Leo hebu tuhesabu trekta. Ikiwa inahitaji mita nne kila mwisho ili igeuke, mita nane kati ya hizo 30 zinabaki za kulimwa kwa jembe la mkono. Zaidi ya robo ya kazi! Mwenye shamba atakulipa pesa nusu, na wikendi ijayo ataita mtu mwingine.

Hapo ndipo hustle ya kulimia watu mashamba madogo pembezoni mwa jiji huanguka. Kijana anarithi Massey Ferguson 135, anajaribu ploti mbili tatu, anaona inazunguka kama lori, anamwita mtu wa skrepa. Subiri kidogo, msee. Trekta hizi zilitengenezwa kati ya 1964 na 1975, nyingi zikiwa na injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, na hazikuundwa ziwe nzito kwenye kona. Mara nyingi ni uzee tu umezikaza.

Hesabu yenyewe

Kona hutegemea vitu viwili: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na pembe ambayo magurudumu ya mbele yanaweza kupinda. Umbali huo kwenye 135 ni kama mita 1.8, na huwezi kuubadilisha. Pembe ndiyo ya kupigania. Magurudumu yakipinda nyuzi 30, gurudumu la mbele la nje linachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 3.6 hivi. Yakifika nyuzi 40, inashuka hadi 2.8. Nyuzi kumi tu, na umeokoa karibu mita nzima kila mwisho wa shamba.

Pima kwanza. Tafuta uwanja tambarare, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole, kisha pima duara la alama za tairi la nje. Fanya kulia na kushoto. Pande zikitofautiana sana, tayari umejua pa kuanzia.

Kazi ya fundi

Weka mawe nyuma ya magurudumu makubwa, inua mbele kwa jeki na uweke vigogo imara chini ya ekseli. Tikisa kila gurudumu. Likicheza, angalia boljointi na bushi za kingpini. Zikiisha, unazungusha usukani lakini sehemu ya mzunguko inapotelea kwenye ulegevu kabla tairi halijasonga. Kubadilisha hivyo vitu ni kazi ya kawaida kwa fundi wa jua kali.

Kisha angalia vizuizi vya usukani, pale chuma hugonga chuma ukikata hadi mwisho. Safisha matope na kutu, hakikisha pande zote mbili zinalingana. Cheki pia matairi ya mbele. Kama kuna mtu aliweka makubwa kuliko yanayofaa, yatagusa mwili wa trekta mapema.

Kitu kimoja kataa: fundi akisema atapinda au kuchomelea mikono ya usukani ili ipate pembe zaidi, mwambie hapana. Kwenye kona gurudumu la ndani hupinda zaidi ya la nje, na mikono hiyo ndiyo huleta tofauti hiyo. Wazo hili ni la zamani kuliko magari. Mjerumani Georg Lankensperger alilibuni kwa ajili ya magari ya farasi, na Rudolph Ackermann akalisajili Uingereza mwaka 1818. Ukiharibu mpangilio huo, tairi litaburuta. Weldi ikikatika ukiwa barabarani, hiyo ni stori nyingine kabisa.

Siri iko mguuni

Sasa angalia chini ya mguu wako wa kulia. Kuna pedali mbili za breki, si moja. Ya kushoto hushika gurudumu la nyuma la kushoto, ya kulia hushika la kulia. Ukifika mwisho wa mstari, inua plau, punguza mwendo, kata usukani, kisha kanyaga breki ya upande unaoelekea. Gurudumu hilo linasimama, difu inapeleka nguvu kwa lingine, na trekta inazunguka karibu papo hapo. Difu loki iwe imeachiliwa, la sivyo itaendelea mbele kama mbuzi mkaidi.

Breki zikiwa zimeisha upande mmoja, hii haifanyi kazi, kwa hiyo zirekebishwe zishike sawa. Na kama plau ni nzito hadi mbele inaelea, ongeza vyuma vya uzani mbele. Tairi lisilogusa ardhi vizuri haliwezi kukuelekeza popote.

Lakini sikiza hapa vizuri: breki moja ni ya shambani tu, mwendo wa pole, mahali tambarare. Kabla hujatoka barabarani, funga pedali zote mbili pamoja kwa kile kichuma chake. Ukikanyaga moja ukiwa kasi, trekta inapinduka, na hizi za zamani nyingi hazina fremu ya kukukinga.

Ukimaliza, rudi uwanjani upime tena lile duara. Hiyo namba ndiyo itakuambia ploti gani ukubali na gani umwachie mwenye jembe.