Si kila dosari hupandisha bei ya sarafu

Sarafu ya kale yenye alama ngeni huweza kupata bei nzuri, mradi alama hiyo ilitoka kiwandani.

Mfano ni sarafu za Tabora zenye herufi T. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walizipiga katika karakana ya reli: hela 20 za shaba na rupia 15 za dhahabu yenye picha ya tembo. Katika hela 20, wakusanyaji hutofautisha taji kubwa na dogo, pamoja na ncha za herufi L. Chapa hafifu nayo ni ya kiwandani. Lakini mkwaruzo, tundu la mkufu au alama ya kuunganishia pete ni uharibifu, na hushusha bei.

Rupia 15 ina gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Hiyo ndiyo thamani yake ya chini kabisa. Mkusanyaji hulipa zaidi. Anayeiuza kwa sonara kwa uzito tu hujipunja.

Mwenye sarafu ya namna hii asiing'arishe. Kwanza aipime, kisha aichunguze kwa lenzi.