MATUMIZI YA UMEME KATIKA NYUMBA ZA GHOROFA: UNITI HUISHIA WAPI?

Wakaazi wengi wa nyumba za ghorofa, kama zile za Michenzani, Kikwajuni na Kilimani, huwa na lalamiko la namna moja: umeme ulionunuliwa mwanzo wa mwezi huisha kabla ya mshahara mwengine kuingia. Aghlabu lawama huiangukia mita, au watoto wanaoangalia televisheni, au, pale ambapo familia mbili hutumia mita moja, jirani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umeme unavyotumika katika nyumba ndogo, ili kila mwenye nyumba aweze kujua mwenyewe uniti zake zinakwenda wapi, bila ya kubahatisha na bila ya kumdhania mwenziwe.

Ni vyema kwanza ikakumbukwa kuwa umeme unaotumika kisiwani Unguja huletwa kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Ulipoharibika njia hiyo mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza hilo lilirejea kwa karibu miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 uliunganishwa mwaka 2013. Waliokuwepo wakati ule wanaelewa kuwa umeme si kitu cha kuchezewa.

WATI NA UNITI

Kila chombo cha umeme kina kibandiko kinachoonesha idadi ya wati. Wati huonesha kasi ambayo chombo hicho hula umeme, kama vile upana wa mfereji unavyoonesha kasi ya maji. Lakini mita haihesabu kasi peke yake; huhesabu kasi pamoja na muda. Chombo cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja hutumia uniti moja. Chombo cha wati 100 hutumia uniti hiyo hiyo kwa saa kumi. Hesabu ni nyepesi: zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawa kwa 1,000.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanne. Kwa siku moja, taa nne za LED za wati 9 zikiwashwa saa tano hutumia uniti 0.18. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano hutumia uniti 0.4. Feni mbili za wati 60 kwa saa nane hutumia uniti 0.96. Friji ndogo yenye kula wati 120, ambayo mota yake hufanya kazi jumla ya saa kumi kwa siku, hutumia uniti 1.2. Birika la umeme la wati 2,000 kwa robo saa ni uniti 0.5, na pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni uniti 0.5 nyengine. Hita ya maji ya kuogea ya wati 4,500, kila mtu akiitumia dakika tano, hutumia uniti 1.5.

Jumla yake ni uniti 5.24 kwa siku, sawa na uniti 157 kwa mwezi. Hapa msomaji ataona jambo la kuzingatia. Televisheni iliyogombaniwa na nyumba nzima imetumia uniti 12 kwa mwezi, ambapo hita iliyowashwa dakika 20 tu kwa siku imetumia uniti 45. Kanuni ni kuwa chombo chenye kazi ya kutoa joto hula umeme mwingi kuliko chombo cha mwanga, sauti au upepo. Kiyoyozi nacho ni cha kuangaliwa, kwani kiyoyozi kidogo cha wati 1,000, kila mota yake inapofanya kazi, hula sawa na feni 16 za wati 60.

HATUA ZA KUPUNGUZA

1. Chemsha maji ya kiasi kinachohitajika tu. Lita moja hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Chai ya asubuhi na maji ya daku yachemshwe mara moja na kuwekwa katika chupa ya chai.

2. Pasi itumike siku moja kwa nguo za wiki nzima, kwani kila inapowashwa upya huanza kwa kula umeme wa kujipasha moto.

3. Friji isogezwe mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua, na chakula cha moto kisitiwe ndani. Bana karatasi katika mlango wake. Ikivutika kwa urahisi, mpira umechakaa na baridi inavuja.

4. Balbu za zamani za wati 60 zibadilishwe. Balbu nne kama hizo kwa saa tano hutumia uniti 1.2 kwa siku. Kuweka za LED katika mfano wetu kunaokoa takriban uniti 30 kwa mwezi.

5. Wakati wa kaskazi, madirisha yanayokabiliana yafunguliwe jioni, na feni izimwe chumba kinapokuwa hakina mtu. Feni humpoza mtu, haikipozi chumba.

6. Birika na pasi visichomekwe pamoja katika waya mmoja wa nyongeza. Wati 3,000 ndio ukomo wa plagi ya ampia 13, na waya ulio mwembamba huweza kuwaka moto.

KUSOMA MITA

Mita za kulipia kabla, maarufu kwa jina la TUKUZA, huonesha uniti zilizobaki. Andika idadi hiyo kila siku kwa wakati mmoja kwa muda wa wiki moja. Kisha izime na kuichomoa kila kitu, pamoja na friji, kwa saa moja. Iwapo mita itaendelea kupunguza uniti, basi kuna waya unaovuja au tawi lisilojulikana. Aitwe fundi mwenye leseni au Shirika la Umeme. Mwananchi asifungue mita kwa mkono wake.

Familia zinazotumia mita moja zinashauriwa kukaa pamoja, kuorodhesha vyombo vya kila upande pamoja na saa za matumizi, na kuchangia kwa mujibu wa hesabu hiyo. Kugawana nusu kwa nusu humdhulumu mwenye taa mbili na feni moja kwa faida ya mwenye hita. Ujirani mwingi umeharibika kwa jambo ambalo karatasi moja na kalamu vingelimaliza.

Israfu haipendezi hata kwa mwenye uwezo, na kwa mwenye mshahara wa kuhesabu huwa ni kumnyima mtoto haki yake. Wazee wetu walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Wananchi wote wanaombwa kuanza daftari hilo wiki hii.